Saa Tatu Kasorobo

Duka la pombe la serikali hufunguliwa saa tatu.
Mimi hufungua kitabu saa tatu kasorobo.
Nje bado usiku. Desemba huku Kemi
jua ni mgeni wa saa tano:
hupiga hodi, hakai kitini, ameshaaga.

Kitabu chenyewe kidogo, kama pakiti ya sigara.
Alinipa shemasi Hilkka
siku niliyotoka hospitali na mfuko wa plastiki
wenye wembe, soksi moja,
na ufunguo wa nyumba ambayo Tuulikki
alishabadilisha kitasa.
Hakunihubiria. Alisema tu:
"Ukurasa mmoja kwa siku, Oiva.
Hata dawa ikizidi ni sumu."

Nami ni mtu wa kuzidisha.
Usiku wa kwanza nilibugia kurasa arobaini,
asubuhi sikumbuki neno, kichwa kizito,
nikacheka peke yangu jikoni:
kumbe mtu hulewa hata kwa sala.

Tangu hapo, mmoja.
Nasoma kwa kidole, midomo ikicheza,
mtoto wa darasa la kwanza mwenye miaka sitini na mmoja.
Mengine siyaelewi. "Neema" siielewi.
Nilimuuliza Reijo, ajaye kwenye kikao chetu cha Alhamisi
na biskuti, na mikono inayotetemeka kuliko yangu.
Akasema, ni kama theluji: hukuiomba, hukuilipia,
unaamka imefunika takataka zako zote.
Nikamwambia, na ikiyeyuka?
Akala biskuti.

Sidanganyi. Tarehe kumi na tisa
nilikifunga katikati ya sentensi, nikavaa koti.
Saa tatu na dakika mbili nilikuwa mlangoni pa duka:
taa nyeupe, chupa zimejipanga kama wanakwaya,
na muuzaji, binti wa Pentti, akanijua, akainamisha macho.
Mguu mmoja ndani, mmoja nje.
Ila ile sentensi sikuwa nimeimaliza.
Ilining'inia kichwani kama kifungo kilicholegea:
"Wala usidhani, wewe uliyeanguka..."
Nini? Nisidhani nini?
Mlevi hajui kuacha kitu nusu,
chupa, ugomvi, kumbe hata sentensi.
Nikageuka. Barafu ikalia chini ya viatu.
Nyumbani nikasoma nimesimama:
"...kwamba uko chini peke yako."
Basi. Ni hayo tu. Hakuna radi iliyopiga.
Nikavua kiatu kimoja, nikakaa,
cha pili nikakisahau mguuni hadi mchana.

Lakini nilitaka kusema jambo jingine.
Miaka thelathini na mitatu nilikuwa kiwanda cha karatasi,
zamu ya usiku. Karatasi naijua kwa gumba
kama fundi cherehani ajuavyo kitambaa gizani.
Juzi nageuza ukurasa, gumba likasita.
Uzito huu. Huku kukwaruza kidogo upande mmoja,
kasoro ya mashine yetu namba nne,
iliyotushinda mwaka ule mzima.
Mwaka ule chupa ilikaa ndani ya buti langu la kushoto.
Mwaka ule mama alizikwa, nami nilikuwa hapo kaburini,
na sikuwepo.
Na karatasi ikatoka, bunda baada ya bunda,
nyeupe, imenyooka, haipepesuki,
ikaenda zake kuchapwa maneno nisiyoyajua,
ikakaa miaka ishirini katika kabati la kanisa
ikinisubiri.
Mikono ileile. Ilikuwa ikitetemeka
na huku inanitengenezea hiki.

Hilkka sijamwambia.
Atasema ndiyo hiyo neema,
nami bado siielewi.

Saa tatu na robo. Duka limefunguliwa.
Nashika ncha ya ukurasa wa kesho, nichungulie kidogo...
Hapana. Mmoja.